Radi ya mwezi wa tatu mpaka wa tano: hakuna anayeituma, lakini inatoa habari kabla ya kufika

Saa tano ya asubuhi jua linachoma. Saa nane, wingu jeusi limeshasimama juu ya mlima, upepo wa baridi unaanza kusukuma manjanja, na watoto wanatoka masomo wakikimbia. Wakaaji wa Kivu, Maniema, Ituri na Tanganyika wanajua hiyo picha. Wengi wanajua pia namna inavyoisha mara fulani: mama mmoja shambani, ng'ombe watatu chini ya mti, wanafunzi wa darasa moja. Kisha maziko, maswali mawili yanabaki. Radi ilitoka wapi? Na nani aliituma?

Jibu la swali la kwanza linajulikana vizuri. Na mwenye kulielewa anaona mwenyewe kama swali la pili halina pa kusimama.

Pahali pa pili duniani

Mwaka 2016, kundi la watafiti likiongozwa na Rachel Albrecht wa chuo kikuu cha São Paulo, Brazili, lilitangaza orodha ya pahali penye radi nyingi kuliko pengine. Walitumia hesabu za satelaiti kwa miaka 16, kuanzia 1998 mpaka 2013. Pahali pa kwanza palikuwa ziwa Maracaibo, kule Venezuela: mimweko ya radi 233 kwa mwaka katika kila kilometa moja ya mraba. Pahali pa pili ni Congo, pale walipopaandika kwa jina la Kabare: mimweko 205. Kampene ya Maniema, Sake na Butembo nazo ziko kati ya pahali pa mbele barani Afrika. Na kwa pahali 500 pa kwanza duniani, 283 pako Afrika.

Inaomba kusoma hizo hesabu vizuri. Satelaiti haihesabu kijiji kwa kijiji. Inagawa dunia katika vipande vya upana wa kilometa kama 10, kisha watafiti wanakipa kila kipande jina la pahali panapojulikana karibu. Tena inahesabu mimweko yote, hata ile inayobaki ndani ya mawingu bila kugusa ardhi. Kwa hiyo haimaanishi kama Kabare njo yenye balaa na wengine wako salama. Inamaanisha kama nchi yote inayolala upande wa magharibi wa milima ya Mitumba, kutoka misitu ya Maniema kupanda mpaka Kivu, ni uwanja wa radi kuliko karibu nchi zote za dunia.

Kwa nini hapa

Sababu ni tatu, na zote zinaonekana kwa macho.

Ya kwanza ni msitu. Hewa inayotoka bonde la Congo imejaa maji ya miti na mito, sawa mvuke wa sufuria. Ya pili ni mlima. Kule Kindu ardhi iko kwenye kimo cha mita kama 500. Ziwa Kivu liko mita 1.460, na mlima Kahuzi unafika mita 3.308. Hewa yenye mvuke ikifika kwenye ile miteremko haina njia ingine isipokuwa kupanda. Ya tatu ni jua. Mwezi wa tatu jua linasimama karibu sawasawa juu ya ikweta, na mkanda mkubwa wa mvua unaofuata jua unapita juu ya mashariki mwa Congo. Mkanda huo unapita mara mbili kwa mwaka. Ndiyo maana kuko mvua za mwezi wa tatu mpaka wa tano, na zingine za mwezi wa tisa kuendelea.

Hewa inayopanda inapoa, mvuke unageuka matone, na wingu linajengwa kama mnara. Hapa karibu na ikweta wingu la radi linaweza kupita kilometa 12 kwa urefu. Kule juu ni baridi kali, hata kama chini watu wanatoa jasho. Ndani ya wingu vipande vya barafu vinapanda, vingine vizito vinashuka, vinagongana bila kupumzika. Kila kugongana kunaacha chaji ya umeme, sawa vile blanketi ya nailo inavyotoa cheche ukiivuta usiku. Umeme ukijaa sana, unatafuta njia ya kutoka. Mara nyingi unaruka ndani ya wingu lenyewe. Mara zingine unashuka mpaka chini.

Njia hiyo ni nyembamba, lakini hewa ndani yake inafika joto la digri kama 30.000, mara tano zaidi ya uso wa jua. Hewa inapanuka kwa ghafla na kupasuka. Ile sauti ya kupasuka ndiyo ngurumo. Mwanga na ngurumo ni kitu kimoja. Ni sauti tu inayochelewa njiani.

Ziwani mambo yanageuka. Mchana mawingu yanasimama zaidi juu ya milima. Usiku milima inapoa upesi, hewa baridi inashuka miteremko na kukutana juu ya maji ambayo yangali na joto, kisha inapanda. Ndiyo maana wavuvi wa sambaza na wa ndakala, wanaofanya kazi usiku, wanakutana na tufani saa ambayo watu wa mjini wamelala. Kwenye maji mtumbwi na watu wake ndio kitu kirefu kuliko vyote.

Namna moja tu ya radi kupiga? Hapana

Watu wengi wanafikiri radi inapiga mtu mmoja tu, kichwani, kama mshale. Hiyo inatokea, lakini ni sehemu ndogo ya vifo. Kuko namna zingine, na ndizo zinazoua wengi.

Radi ikipiga mti, umeme unaweza kuruka kutoka shina mpaka kwa mtu aliyesimama karibu, juu ya mwili wa mtu una maji na chumvi na unapitisha umeme vizuri kuliko mbao. Radi ikipiga waya wa seng'enge, waya wa SNEL, bomba la maji au manjanja, umeme unafuata kile chuma mpaka kwa mwenye kukigusa.

Namna ya hatari zaidi ni ile isiyoonekana. Radi ikigusa ardhi, umeme hauishii pale. Unatawanyika ndani ya udongo pande zote, ukipungua kadiri unavyoenda mbali. Mtu aliyesimama miguu imepanuka, mguu mmoja uko karibu na pale ilipopiga na mwingine uko mbali. Umeme unapanda mguu mmoja na kushuka kwa mwingine, ukipitia mwilini. Ng'ombe ana miguu minne, ya mbele na ya nyuma imeachana zaidi ya mita moja, na moyo uko katikati ya njia. Ndiyo sababu radi moja inaweza kulaza ng'ombe wengi kumbe mchungaji anabaki mzima pembeni yao.

Ndiyo sababu pia kundi la watu linaanguka kwa mara moja. Tarehe 10 mwezi wa tatu 2018, kule Nyaruguru, kusini mwa Rwanda, radi ilipiga kanisa siku ya ibada na kuua watu wasiopungua 15. Mwezi wa sita 2011, kule Kiryandongo, Uganda, wanafunzi 18 walikufa kwenye masomo ya Runyanya. Mwezi wa kumi na moja 2024, kwenye kambi ya wakimbizi ya Palabek, kaskazini mwa Uganda, watu 14 walikufa wakiwa wamekusanyika kwa sala. Mara zote tatu watu walikuwa pamoja, kwenye nyumba au kibanda ambacho hakikuwa na njia ya kupeleka umeme ardhini.

Jina la jirani

Mwezi wa kumi 1998, gazeti la Kinshasa L'Avenir liliandika kama radi iliua wachezaji 11 wa timu moja ya mpira kule Kasai, na wachezaji wa timu ya pili wakabaki. Watu wakagawanyika: wengine wakasema ni bahati mbaya, wengine wakasema ni uchawi.

Kwenye vijiji vingi vya mashariki mazungumzo ni yaleyale. Kwa nini amekufa huyu, na yule waliyekuwa wakitembea naye hakuguswa? Kwa nini nyumba hii ya pili mara mbili? Kisha kuko mmoja anakumbuka ugomvi wa shamba, deni ambalo halikulipwa, maneno ya hasira yaliyosemwa sokoni. Jina la bibi mzee fulani linaanza kuzunguka. Siku tatu kisha, familia moja inalia mfu wa radi, na familia ingine inakimbia kijiji usiku au inalia mfu wa mawe na moto.

Uchungu wa waliofiwa ni wa kweli na inaomba kuuheshimu. Lakini yale maswali yako na majibu. Watu wawili wanaotembea pamoja hawakanyagi udongo uleule. Mmoja alikuwa na hatua ndefu, mwingine alikuwa amesimama miguu pamoja. Mmoja aliegemea mti, mwingine alikuwa mita kumi mbele. Mmoja yuko kwenye udongo wenye maji, mwingine kwenye jiwe kavu. Tofauti ndogo hivyo inatosha. Na nyumba inayopigwa mara mbili mara nyingi iko juu ya kilima, ama pembeni ya mti mrefu. Kilichoileta radi mara ya kwanza kingali pale mara ya pili.

Kuko na jambo lingine la kufikiri. Sehemu kubwa ya ile nchi satelaiti iliyohesabu ni msitu ambamo hakuna nyumba hata moja. Radi zinapiga mle mwaka mzima, miti inapasuka, nyani wanakimbia. Kama kila radi iko na mtu wa kuituma, nani anatuma zile? Anagombana na mti gani?

Sheria nayo imesema. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009, kwenye kipengele cha 160, inaazibu mwenye kushitaki mtoto kwa uchawi: kifungo cha mwaka mmoja mpaka mitatu, pamoja na faini. Na kuhusu mtu mzima, kumpiga au kumchoma juu ya radi ni kuua, hata kama waliofanya hivyo ni kijiji kizima.

Hesabu kwa vidole

Radi inatoa habari kabla ya kufika. Sauti inatembea kilometa moja kwa sekunde kama tatu. Ukiona mwanga, anza kuhesabu pole pole mpaka usikie ngurumo, kisha gawa kwa tatu. Sekunde 9 ni kilometa 3. Sekunde 30 ni kilometa 10.

Lakini usingoje ikaribie. Radi inaweza kuruka kilometa 10 mbele ya mvua, ukiwa bado kwenye jua. Ngurumo yenyewe haisikiki mbali sana kupita hapo. Kwa hiyo kanuni ni rahisi: ukisikia ngurumo, umeshafikiwa. Acha kazi, ingia ndani. Na usitoke mara moja mvua inapotulia, juu ya wengi wanapigwa mwanzo na mwisho wa mvua, si katikati. Ngoja dakika 30 kisha ngurumo ya mwisho.

Wapi kujificha, wapi kukimbia

Pahali pazuri ni nyumba kubwa ya kudumu, ya matofali au beto, yenye waya za umeme na mabomba yanayoingia ardhini, juu ya hizo zinabeba umeme kuupeleka chini. Ukiwa ndani, kaa mbali na dirisha, na usiguse bomba, redio iliyochomekwa wala televizyo. Gari lililofungwa pande zote kwa chuma ni salama, si juu ya mipira ya magurudumu kama wengi wanavyosema, ila ni juu ya umeme unapita kwenye bodi na kushuka nje. Motari haina bodi, kwa hiyo mwendesha motari na mteja wake wasimame na kutafuta nyumba. Kujificha chini ya mti na motari ni vibaya zaidi.

Nyumba ya miti na udongo, nyumba ya mbao, hema na kibanda cha sokoni vinazuia mvua, havizuii radi. Wengi hawana ingine. Kwao inabaki kupunguza hatari: kukaa katikati ya nyumba, mbali na ukuta, nguzo na mlango, kukaa juu ya kitanda au benchi ya mbao iliyo kavu, miguu ikiwa pamoja, bila kugusana sana. Hiyo haiondoi hatari yote. Kama kuko nyumba ya kudumu karibu, ni bora kwenda kule mapema, wakati wingu lingali mbali.

Mwenye kukutwa shambani ashuke kutoka kilimani, aache mti ulio peke yake, seng'enge na maji. Jembe aliweke chini, si begani. Kama ni kundi, watu waachane mita kadhaa, ili radi moja isiwapate wote na abaki wa kusaidia wengine. Wasilale chini, juu ya mwili uliolala unagusa udongo pahali pengi. Waendelee kutembea kwenda kwenye nyumba ya kweli. Mvuvi anayeona mimweko juu ya milima arudi kando kabla upepo haujabadilika.

Kuhusu nguo nyekundu na telefone: radi haichagui rangi, na telefone iliyo mfukoni haiivuti. Telefone yenye hatari ni ile iliyochomekwa kwenye chaja, juu ya umeme unaweza kufuata waya.

Manjanja nayo yanasingiziwa. Chuma hakiiti radi. Kinachoiita zaidi ni kimo: kilima, mti, nguzo, mtu aliyesimama peke yake uwanjani. Shida ya manjanja ni nyumba ambayo umeme ukishafika juu yake hauna njia ya kushuka ila kupitia watu walio ndani.

Hiyo njia ndiyo paratoneri. Benjamin Franklin wa Marekani aliifikiria katika karne ya 18, na haijabadilika sana: chuma kwenye kilele cha nyumba, waya nene inayoshuka ukutani, na vyuma vilivyozamishwa vizuri ardhini. Vitatu hivyo vinaenda pamoja. Paratoneri ambayo waya yake imekatwa, au imeibiwa kuuzwa kama shaba, ni mlingoti mrefu tu wa kupokea radi. Masomo yenye paratoneri inaomba kuangalia ile waya kabla ya kila msimu, kutoka juu mpaka inapoingia udongoni.

Mtu akipigwa

Mtu aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Kumgusa hakuna hatari yoyote. Watu wengi wanakufa juu wenzao waliogopa kuwagusa, ama walingoja dawa za kienyeji wakati moyo ulikuwa umesimama.

Kama wameanguka wengi, anza na yule anayeonekana kama mfu. Kwa radi ni kinyume cha ajali zingine: mwenye kulia na kuguna mara nyingi atapona, lakini asiyepumua anaweza kurudishwa. Mlaze chali, weka mikono miwili katikati ya kifua, sukuma kwa nguvu na upesi, karibu mara mbili kwa kila sekunde, bila kuacha. Anayejua kupuliza hewa mdomoni apulize. Wengine watafute njia ya kumfikisha kituo cha afya. Hata aliyeamka mwenyewe apelekwe, juu ya masikio, macho, moyo na akili vinaweza kuwa vimeumia bila kidonda kuonekana.

Wingu moja, hatari nyingi

Wingu la radi halibebi radi peke yake. Linabeba mvua ya mawe inayoangusha maharagi, upepo unaong'oa manjanja, na maji mengi kwa saa chache. Tarehe 4 mwezi wa tano 2023, siku ya soko, mvua kubwa ilishuka juu ya Bushushu na Nyamukubi, teritwari ya Kalehe. Mito ilibeba mawe, udongo na nyumba. Watu zaidi ya 400 walikutwa wamekufa na wengine wengi hawakuonekana tena. Mwenye nyumba kwenye mdomo wa mto ama chini ya mteremko uliokatwa miti, akisikia mvua inaendelea kwa nguvu na mto unabadilika rangi, atoke upande, apande juu. Asifuate bonde.

Kabla ya mvua ingine

Kijiji hakihitaji pesa nyingi kwa kuanza. Kinahitaji mkutano mmoja, shefu akiwemo, walimu, wachungaji wa makanisa, wavuvi na wenye ng'ombe. Nyumba gani ni ya kudumu, na nani anashika ufunguo wake? Nani anapiga kengele ngurumo ya kwanza ikisikika? Nani anasimamisha mechi, hata kama ni fainali na zimebaki dakika tano? Nani anajua kusukuma kifua, na anaweza kufundisha wengine wawili?

Na swali la mwisho, ambalo ni vizuri kuliuliza mvua ikiwa bado haijaua mtu: siku radi itakapopiga tena, nani atasimama mbele ya mlango wa bibi mzee wakati watu wanaanza kutaja jina lake?